Unakokwenda Upepo

24 Mei

Nimeanza kuandika humu kwa sababu huku hakuna mtu wa kuzungumza naye ila Don Anselmo, na kwa Don Anselmo huzungumzi, unazungumziwa. Leo ameniuliza tena kwa nini tunapima upepo wakati wa baridi, na hali kila mtoto wa Tierra del Fuego anajua kwamba upepo wetu ni wa kiangazi. Nikamjibu tena: huku chini kumetulia, sawa, lakini juu, kilomita tisini, ndiko kunakochafuka. Akafyonza yerba yake, chai chungu ya huku, mpaka mrija ukakoroma kwenye kibuyu, akasema, "Kumbe Dokta unalipwa kwa upepo usiomvua mtu kofia."

Ndiye fundi wetu. Miaka kumi na minane anazitunza antena hizi, na miaka sita kati ya hiyo amenitunza mimi kwa masimango. Makapi ya yerba anayamwaga kwenye sinki. Nimesema mpaka nimechoka.

28 Mei

Jua limetoka karibu saa nne asubuhi, likazama mapema kama mgeni aliyenuna. Vimondo vichache. Juu, mashariki, mita arobaini kwa sekunde. Chini, shwari.

3 Juni

Profesa Ibarlucea, mkuu wa mradi wetu, amepiga simu kutoka kaskazini, kwa sauti ya mtu aliyekaa karibu na hita. Huu ni msimu wa mwisho, kasema. Tusipopata usiku mmoja ulio wazi, wimbi moja linaloonekana vizuri tangu linapofika juu mpaka linapovunjika, antena zitang'olewa mwezi wa Oktoba. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

Miaka sita nimekaa kwenye kibanda hiki cha bati, katikati ya shamba la kondoo la watu, nikilisubiri wimbi hilo. Mume wangu aliondoka mwaka wa pili. Alisema hawezi kushindana na hewa. Wakati ule nilidhani ni mzaha.

Nilipomweleza Don Anselmo habari za Oktoba hakucheka. Akavuta kiti, akaniambia nimweleze upya hayo mawimbi, safari hii kwa lugha ya watu. Basi nikamwambia. Upepo unatoka Pasifiki, unaigonga milima ya Andes, hewa inapandishwa bila kupenda. Ikishapanda, uzito wake unairudisha. Inashuka, inapitiliza, inapandishwa tena. Mtikisiko huo unakwea angani, na kadiri hewa inavyokuwa nyepesi ndivyo wimbi linavyonenepa, mpaka kule juu linavunjika. Hakuna mahali duniani yanapokuwa makubwa kuliko juu ya vichwa vyetu wakati wa baridi. Macho hayayaoni. Ila usiku na mchana vijimondo vidogo vinaungua huko, kila kimoja kinaacha mkia, upepo unaubeba ule mkia, na rada yetu inasikia unapelekwa wapi. Kwa maelfu ya mikia unaweza kuchora upepo, na ndani ya upepo, wimbi.

"Kwa hiyo ni hewa iliyopanda mlima halafu ikajuta," alisema.

Sijawahi kusikia maelezo bora, lakini sikumpa raha ya kumwambia.

4 Juni

Makapi kwenye sinki.

12 Juni

Mashariki, hamsini na tano. Wimbi lilionekana kidogo, likapotea. Nimelala mchana kutwa. Sijaoga tangu Jumapili na hakuna wa kujali.

21 Juni

Mjini wanasherehekea usiku mrefu kuliko wote wa mwaka: moto mkubwa, muziki, watoto na taa za karatasi. Mimi sikushuka. Don Anselmo naye hakushuka, maana mbweha walikuwa wametafuna kebo ya antena ya tatu. Akalala kifudifudi juu ya barafu akaiunga kwa mikono mitupu, kwa kuwa ukivaa glavu huwezi kushika nyaya zile. Mimi nilimmulikia. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama nta na yeye anaimba, vibaya, wimbo wa mtu aliyeachwa na mke.

Nilimwambia aache, tutapoteza antena moja usiku mmoja, haidhuru. Akasema, "Kwako haidhuru? Umempoteza mume kwa ajili ya kitu hiki, halafu antena moja haidhuru?"

Nilikasirika, nikaingia ndani. Baadaye nilimchemshia maji. Alikunywa.

30 Juni

Theluji. Juu, mashariki. Chini, shwari. Naandika maneno haya kila siku mpaka yamekuwa kama sala ya mtu asiyeamini.

9 Julai

Sikukuu ya uhuru. Nimekula locro nyumbani kwa Don Anselmo, mahindi na maboga na nyama mpaka nikashindwa kuinuka. Mkewe Doña Rosaura ni mwanamke mfupi anayesema polepole, na mumewe anamwogopa, jambo lililonifurahisha sana. Nilidhani angenichukia, kwa kuwa ni mimi ninayemweka mumewe porini siku tatu kila wiki. Kinyume chake alinifungia mkate na jamu ya calafate, matunda ya porini. Akaniuliza kama ninalala. Nikamwambia ninalala. Akasema, "Anselmo anasema hulali," akaniongezea mkate wa pili.

Njiani kurudi nililia ndani ya pikapu, bila sababu, na yule mzee akajifanya anaangalia barabara.

14 Julai

Nadhani nimemchukia mtu bure kwa miaka sita. Makapi ya yerba nimeyatoa mimi mwenyewe leo, wala sikusema kitu.

20 Julai

Naandika alasiri. Barabara imefungwa, niko peke yangu kituoni, na Don Anselmo hajulikani alipo.

Niyaandike kwa mpangilio, nisije nikachanganyikiwa. Jana jioni alitoka mjini kuja huku. Haikuwa zamu yake. Leo ni Siku ya Marafiki, na alikuwa amenikataza nisile peke yangu kwenye bati siku kama hii, akasema analeta bega la mwanakondoo. Theluji ilianza ghafla kutoka baharini, nzito, ile inayokuja na upepo wa baharini kama kawaida yake. Saa tatu usiku akaniita kwa redio ya gari. Amekwama baada ya lango la pili, theluji imefika kwenye bampa.

Nikamwambia, "Usitoke garini. Unasikia, Don Anselmo? Usitoke."

"Nitoke niende wapi, Dokta? Nina nyama, nina mkate, nina hita. Wewe angalia mawimbi yako."

Baada ya hapo redio haikujibu tena. Nilijua betri yake ni mbovu, nikajituliza. Yumo garini, nikasema, atalala, asubuhi greda litamtoa.

Na mimi nikaangalia mawimbi yangu. Mungu anisamehe. Kibanda kilikuwa kinatikisika pande zote na sikuthubutu kufungua mlango, lakini rada ilikuwa nzima, na antena zote tano zinasikia, na ya tatu ikiwemo. Ikaanza baada ya saa nne. Upepo wa juu ukapanda, ukashuka, ukapanda, mistari safi, kila mmoja mnene kuliko uliotangulia, mpaka alfajiri ukavunjika vipande mbele ya macho yangu. Miaka sita! Nilipiga kelele peke yangu. Nilicheza. Nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki lini niliwahi kuwa nayo, na nilikuwa napanga maneno ya kumwambia akifika.

Asubuhi akapiga simu Cárcamo, kiongozi wa waokoaji, kutoka nyumba kuu ya shamba. Greda limelifikia gari. Tangi tupu, ufunguo umewashwa, hamna mtu. Mkate haumo. Nyama iko kwenye kiti, imefungwa kwa karatasi. Theluji imefuta nyayo zote.

Nilisimama nikiwa nimeshika simu. Cárcamo ni mtu mtulivu. Akaniambia ana watu kumi na wawili, na mwanga wa siku ni mfupi, hawezi kutafuta kila upande. Mtu aliyepotea kwenye theluji, kasema, huupa upepo mgongo, hata awe nani. Uwanja wa ndege uko mbali, upepo wa kule si wa huku. Mlingoti wetu wa kupimia upepo wa chini ndio ulio karibu. Ndipo akaniuliza:

"Dokta, usiku, baada ya saa nne, upepo hapo kwenu ulikuwa wa wapi?"

Nikafungua faili. Nikasoma.

"Wa mashariki," nikamwambia. "Wenye nguvu. Kuanzia saa nne mpaka alfajiri haukubadilika."

"Wa mashariki," akarudia. "Ndiyo, theluji hii huwa ni ya baharini. Asante, Dokta. Umetusaidia sana."

21 Julai

Wanatafuta msituni. Mbwa wawili wameletwa kutoka mjini. Baridi imezidi. Nimeambiwa nisiondoke kituoni, njia haipitiki. Nimewasha taa zote za nje, kama kuna atakayeziona.

22 Julai

Wanatafuta msituni. Nilidhani wangeanzia upande wa nyasi, kuelekea baharini, lakini wao ndio wenye kazi yao, na msituni kuna kinga na kuni. Mzee anayejua nchi angekwenda msituni. Hakuna kitu.

Profesa alipiga. Kwanza aliuliza kama Anselmo amepatikana. Kisha akauliza kama rada haikuzima usiku ule. Nikakata simu.

23 Julai

Wanatafuta msituni. Mchana imeanza kuanguka theluji nyingine.

24 Julai

Wamesimamisha. Cárcamo alinipigia yeye mwenyewe. Alisema wameupekua msitu mti kwa mti. Nikamwambia asante, kwa kuwa ndicho watu wanachosema.

2 Agosti

Nimeshuka mjini kumwona Rosaura. Hajavaa nyeusi. Anasema mtu haliliwi kabla hajaonekana. Ameweka buti za mumewe karibu na jiko, zile nyingine, ili zisishike unyevu. Nilikaa saa nzima nikiziangalia buti zile. Aliponisindikiza mlangoni aliniuliza kama ninalala.

10 Agosti

Juu, mashariki, sabini. Chini, shwari.

Naziangalia namba hizi na sioni zina maana gani kwa mtu yeyote. Wamemleta fundi mwingine kutoka kaskazini. Ni mpole, ni msafi, anaosha sinki. Siwezi kumwangalia.

29 Agosti

Profesa amerudi kwenye habari ile. Ameuona usiku wa tarehe kumi na tisa, na mtu aliyezoea kupima kila neno amesema hajapata kuona usiku mzuri kama huo maishani mwake. Antena hazitang'olewa. Makala iandikwe haraka, na tuitabaruku kwa Don Anselmo. Nilimwambia siwezi. Akasema kwa upole ule ule kwamba ndiyo heshima pekee tuliyo nayo mkononi ya kumpa.

Usiku mzuri! Naandika. Nisipoandika nitafanya nini?

4 Septemba

Amepatikana.

Theluji imeanza kuyeyuka, na mpanda farasi wa shamba anayekagua nyaya amemkuta chini ya genge dogo, kando ya uzio wa kuelekea baharini. Ni mashariki ya gari, mbali, si msituni kabisa. Alikuwa amechimba shimo kwenye theluji chini ya ukingo, ameketi humo, amejifunika gunia la chakula cha kondoo. Mkate aliula nusu.

Daktari anasema hakufa usiku ule. Simu yake ilipokaushwa na kuwashwa ilionyesha alivyojaribu kupiga, mara nyingi, mahali pasipo na mtandao. Mara ya mwisho ni mchana wa tarehe ishirini na moja.

Cárcamo alikuja kituoni mwenyewe kuniambia. Alikaa kwenye kiti cha Don Anselmo, kofia mapajani, akitikisa kichwa. "Aliukabili upepo, Dokta," alisema. "Upepo wa namna ile, wa mashariki, na yeye akaenda mashariki, uso kwa uso. Sijawahi kuona."

Nikamwambia ndiye huyo, alikuwa mbishi, alibishana hata na upepo. Tukacheka kidogo, kisha tukaona aibu.

6 Septemba

Maziko. Mvua iliyochanganyika na theluji. Padri naye alisema kwamba marehemu alitembea akiukabili upepo, na kwamba hivyo ndivyo alivyoishi. Watu walilipenda neno hilo. Nililia kama mtoto.

Rosaura hakulia. Nilipomkumbatia alininong'oneza: "Alikuwa mbishi, si mjinga. Kwa nini aende upande ule?" Nikamwambia labda alichanganyikiwa kwa baridi. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa ni saa ngapi.

11 Septemba

Leo Profesa amerudisha rasimu ya makala ikiwa na masahihisho yake. Ni madogo, ya koma na nukta, mtu wa kuchuja kila kitu. Kwenye aya inayoeleza hali ya chini usiku ule ameandika pembeni:

"Umeandika 'upepo wa mashariki'. Hiyo ni lugha yetu ya rada. Wasomaji watadhani unatoka mashariki. Andika 'wa kuelekea mashariki'."

Nilirekebisha. Nikaendelea na sentensi iliyofuata. Nikafika katikati yake, akili ikanisimama.

Niandike, niandike ili nisije kesho nikajidanganya. Watu wote duniani huutaja upepo kwa kule unakotoka. Baharia, rubani, mchungaji, hata watabiri wa hali ya hewa. Sisi wa rada hatufanyi hivyo. Sisi tunaona mkia wa kimondo unapelekwa wapi, basi upepo tunautaja kwa kule unakokwenda. Na mlingoti wetu wa upepo wa chini tumeuandikisha kwa mtindo huo huo, ili namba zote zikae kwenye faili moja. Ukikaa nayo miaka sita unasahau kwamba watu wengine husema vingine. Huoni tena kama ni lugha. Unadhani ni upepo wenyewe.

Upepo wa baharini uligeuka usiku ule. Saa nne ukatulia, ukarudi kutoka milimani, kutoka magharibi, ukienda baharini. Faili ilisema mashariki. Mimi nikasema wa mashariki. Cárcamo akasikia unatoka baharini, kama theluji ya jioni ilivyotoka, akapeleka watu kumi na wawili na mbwa wawili magharibi, msituni.

Don Anselmo hakuukabili upepo. Aliupa mgongo, kama mtu yeyote. Alikwenda kule kule nilikosema, na wao wakaenda nilikosema, pande mbili. Siku moja na nusu alikuwa hai chini ya lile genge, anapiga simu.

Na niliandika mwenyewe, tarehe ishirini na mbili, kwamba nilidhani wangeanzia upande wa nyasi. Nilidhani! Kisha nikajipa sababu, nikalala.

Ulimi hauna mfupa.

12 Septemba

Nimemwambia Profesa. Nikasikia analia, mzee wa watu, wala sikutegemea. Alisema mtindo wa faili ile ni wake, aliuweka yeye kabla sijamaliza shule, na kama kuna lawama tugawane. Nilitaka kumshukuru. Lakini akaendelea. Akasema neno moja la simu haliui mtu, baridi ndiyo iliyoua. Akasema Cárcamo akijua, uchungu utammaliza, yeye na kazi yake. Akasema, "Yule mjane ameshazika, Nélida. Usimfukulie." Na mwisho, kwa sauti ndogo, kwamba makala ibaki ilivyo, na neno limesharekebishwa.

Limesharekebishwa, ndiyo. Kwenye karatasi limesharekebishwa vizuri kabisa.

13 Septemba

Nimeshindwa kuondoka kituoni. Mvua. Mlingoti unazunguka. Juu, na sasa najilazimisha kuandika vizuri, upepo wa kuelekea mashariki.

14 Septemba

Labda Profesa amesema kweli. Labda nataka kwenda kwa Rosaura ili anibebee mzigo. Mtu anapomwambia mjane jambo kama hili, anampa nini? Anamnyang'anya maneno ya padri, anamnyang'anya mume aliyeshindana na upepo, anamwachia mume aliyekaa shimoni akisubiri watu waliopelekwa kwingine. Nimejiuliza hivyo mchana kutwa. Lakini aliniuliza mwenyewe, makaburini, na nilimjibu uongo bila kujua. Nikinyamaza sasa utakuwa uongo ninaoujua.

16 Septemba

Nilikwenda jana. Nitaandika kilichotokea, kisha sidhani kama nitaandika tena.

Alinifungulia, akanikalisha jikoni. Buti hazikuwepo tena karibu na jiko. Aliweka birika motoni na sikumpa nafasi hata ya kukaa, nilisema nikiwa nimesimama nusu, koti mwilini, kwa sababu ningevua koti nisingesema. Nilimwambia swali la Cárcamo na jibu langu. Nilimwambia sisi tunavyoutaja upepo na watu wengine wanavyoutaja. Nilimwambia wapi walikwenda wao na wapi alikuwa yeye. Sikutaja neno "bahati mbaya". Nilikuwa nimejiapiza nisilitaje.

Alikaa. Alikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi, akakikunja, akakikunjua.

"Kwa hiyo hakuukabili upepo," alisema.

"Hapana. Aliupa mgongo."

"Nilijua." Akatikisa kichwa. "Niliwaambia wote si mjinga."

Nikasubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze. Badala yake aliniuliza nilisemaje hasa kwenye simu, neno kwa neno, nimtamkie kama nilivyomtamkia Cárcamo. Nikamtamkia.

"Wa mashariki."

Akafumba macho. Birika lilianza kulia na hakuna aliyeinuka kulitoa. Aliniambia kwamba Anselmo alikuwa akiingia nyumbani, anavua buti, anasema, Rosaura, leo upepo wa mashariki, huku madirisha yote ya magharibi yanagongwa. Mwanzoni Rosaura alikuwa akigombana naye, anamwambia amepinduliwa kichwa na rada. Kisha akazoea. Miaka kumi na minane, mwisho hata yeye sokoni alikuwa anasema hivyo na watu wanamcheka.

Sikuelewa mara moja anakonipeleka. Kisha nikaelewa, nikashika ukingo wa meza.

"Ningeelewa, binti," alisema. Hakuinua sauti. "Mimi ningeelewa pale pale. Nilikuwa nao kwenye nyumba ya shamba, walinileta kwa greda. Lakini Cárcamo alipopiga ile simu nilikuwa jikoni. Walikuwa wameniomba niwachemshie maji. Niliporudi na birika walikuwa wameshaondoka kwenda msituni."